Mzio Mkali wa Chakula: Mtoto Asafiri na Wenzake, Arudi Salama

Shule zetu nyingi siku hizi huwapeleka wanafunzi kutembea nje ya mipaka ya nchi. Wa Bukoba huvuka Mutukula kwenda Kampala, na wengine hufika hadi Jinja kuona chanzo cha mto Nile. Wa Arusha hupita Namanga kwenda Nairobi, na wa Ngara hupita Rusumo kwenda Rwanda. Safari hizo humfungua mtoto macho, na wazazi hujinyima mengi ili mtoto wao asikose.

Lakini ipo nyumba ambamo barua ya shule ikifika, furaha huchanganyika na hofu. Ni nyumba yenye mtoto ambaye akila karanga hata chache, midomo humvimba na pumzi humbana. Wazazi wake hujiuliza maswali mawili. Je, tumruhusu aende? Na tukiwaambia walimu ukweli, hawatamwacha nyumbani?

Jibu letu tunalitoa mapema. Mtoto huyo aende, na walimu waambiwe. Lakini maamuzi yote makubwa yafanyike nyumbani na shuleni kabla basi halijawashwa: nani atashika dawa, nani atachoma sindano, na ni dalili zipi ambazo zikionekana asisubiri kumwuliza mtu. Mzio mkali hautoi nafasi ya kufanya kikao barabarani.

MZIO NI KITU GANI?

Mwili wetu una kinga inayopigana na vijidudu vya magonjwa. Kwa baadhi ya watu kinga hiyo hukosea: huona chakula cha kawaida kana kwamba ni adui, nayo hukishambulia kwa nguvu zote. Vita hivyo hupiganwa ndani ya mwili wa mtoto mwenyewe, naye ndiye anayeumia. Huo ndio mzio, au aleji kama wengi wetu tunavyosema.

Mzio ukiwa mwepesi huleta vipele na mwasho tu. Ukiwa mkali hushika mwili mzima kwa mara moja: ngozi, koo, mapafu, tumbo na mzunguko wa damu. Hali hiyo waganga huiita anafilaksia. Jina hilo lilitolewa mwaka 1902 na wataalamu wawili wa Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier. Waliwapa mbwa sumu kidogo ya mnyama wa baharini wakitarajia wataizoea. Kumbe baadhi ya mbwa waliovumilia mara ya kwanza walikufa upesi walipopewa tena kiasi kidogo zaidi. Kwa kazi hiyo Richet alipata tuzo ya Nobel mwaka 1913. Tunayataja hayo kwa sababu wazazi wengi husema, "Mbona zamani alizila na hakudhurika?" Jibu ni kwamba mwili huweza kuanza chuki na chakula baada ya kukionja, na mara moja ikipita kwa usalama si ahadi kwamba ya pili itapita vivyo hivyo.

Vyakula vinavyoleta mzio mkali mara nyingi ni karanga, korosho na jamii yake, maziwa ya ng'ombe, mayai, samaki, kamba na kaa, ngano, soya na ufuta. Tusichanganye jambo hili na tumbo linalojaa gesi mtu akinywa maziwa. Hilo husumbua, lakini haliui. Tena tusidhani kwamba mtoto anayekataa karanga anadeka. Mara nyingi mtoto ndiye wa kwanza kujua kwamba chakula fulani kinamkataa, kwa kuwa huhisi ulimi ukimwasha kabla mtu mwingine hajaona kitu.

Mzazi anayeshuku jambo hili asimjaribu mtoto nyumbani kwa kumlisha "kidogo tu tuone". Ampeleke kwa daktari. Hospitali kubwa huweza kumpima kwa kumdunga kidogo kwenye ngozi au kwa kuchunguza damu.

DALILI ZA KUTAMBUA

Dalili huanza dakika chache baada ya kula, na aghalabu hazizidi saa mbili. Walimu wazijue hizi:

Kwenye ngozi: mwasho, mabaka yaliyovimba, uvimbe wa midomo, macho au uso. Kwa watoto wenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, hivyo pitisha mkono uone kama kuna mabaka, na umwulize mtoto anaposikia mwasho.

Kwenye koo na kifua: sauti kukwaruza, koo kubana, ulimi kuvimba, kikohozi kisichokatika, kifua kupiga filimbi, kupumua kwa shida.

Kwenye mzunguko wa damu: kizunguzungu, kupauka, kulegea, usingizi wa ghafla, kuzirai.

Kwenye tumbo: kutapika tena na tena, maumivu makali.

Dalili ya kifua, koo au kuishiwa nguvu baada ya chakula kinachomdhuru ni ya hatari hata kama iko peke yake. Zipo nyakati ngozi haionyeshi chochote. Mwalimu akisubiri vipele vitokee ndipo aamini, atakuwa amechelewa.

Uchunguzi wa vifo vya mzio huko Uingereza, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba kwa nusu ya waliokufa kwa sababu ya chakula, pumzi au moyo ulisimama ndani ya nusu saa hivi. Sasa fikirini: kutoka mpaka wa Mutukula hadi mji wa Masaka basi hutumia zaidi ya saa moja. Mtoto akizidiwa katikati ya njia hiyo, hospitali haiwezi kuwa tegemeo la kwanza. Tegemeo la kwanza ni dawa iliyo ndani ya basi.

MAFUNDISHO MAWILI KUTOKA MBALI

Mwezi Septemba 2003, katika mji wa Pembroke, jimbo la Ontario nchini Kanada, msichana wa miaka 13 aitwaye Sabrina Shannon alinunua viazi vya kukaanga kwenye mgahawa wa shule yake. Alikuwa na pumu na mzio mkali, ikiwemo wa maziwa. Viazi vyenyewe havikuwa na maziwa, bali inaaminika koleo la kupakulia lilikuwa limegusa chakula chenye jibini. Pumzi ilipombana alidhani ni pumu yake ya kila siku. Sindano yake ilikuwa kwenye kabati lake, mahali pengine shuleni. Mwalimu alikimbia kuileta, lakini msichana alianguka kabla haijamfikia, na hakupona. Mwaka 2005 jimbo la Ontario lilipitisha sheria yenye jina lake, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2006, inayozitaka shule kuwa na mpango wa maandishi kwa kila mwanafunzi wa aina hiyo.

Tarehe 17 Julai 2016 msichana wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alikuwa akisafiri kwa ndege kutoka London kwenda Nice nchini Ufaransa. Alikuwa na mzio wa ufuta. Alikula mkate uliofungwa na kuuzwa uwanja wa ndege, na karatasi yake haikutaja ufuta uliokandwa ndani ya unga. Alichomwa sindano zake mbili angani, lakini alifariki siku hiyo hiyo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2021 sheria ya Uingereza inawataka wauzaji wanaofungasha chakula dukani mwao kuandika viungo vyote.

La kwanza linatufundisha kwamba dawa iliyo mbali ni sawa na kukosa dawa. La pili linatufundisha kwamba hata dawa iliyo karibu si leseni ya kula usichokijua. Yote mawili yaende pamoja.

MATAYARISHO YA NYUMBANI

Mtoto apelekwe kwa daktari angalau mwezi mmoja kabla ya safari. Mambo manne yafanyike huko.

Kwanza, adrenalini. Hii ndiyo dawa inayookoa maisha. Huibana mishipa ya damu iliyolegea, huupa moyo nguvu, hufungua njia za hewa na kupunguza uvimbe wa koo. Katika nchi za Ulaya na Marekani wagonjwa wengi hubeba adrenalini iliyo ndani ya kalamu maalumu, ambayo hugandamizwa pajani na sindano ikatoka yenyewe. Kwetu kalamu hizo ni adimu na ni za bei kubwa. Lakini adrenalini ya chupa ndogo ya kioo, miligramu 1 katika mililita 1, ni dawa ya bei nafuu na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hiyo ndiyo familia nyingi zitakayoweza kuipata kwa maandishi ya daktari, pamoja na bomba la sindano la mililita 1.

Kipimo huandikwa na daktari kwa uzito wa mtoto. Kanuni inayotumika ni miligramu 0.01 kwa kila kilo, kwa hiyo mtoto wa kilo 20 huhitaji mililita 0.2 ya dawa hiyo ya chupa, na wa kilo 30 huhitaji mililita 0.3. Kipimo hakizidi mililita 0.5 hata kwa mtu mzima. Mtoto apimwe uzito upya kabla ya safari, kwani watoto hukua.

Pili, karatasi ya mpango. Iwe ukurasa mmoja tu, wenye picha ya mtoto, uzito wake, vyakula vinavyomdhuru, dalili, hatua za kufuata, kipimo cha dawa na namba za simu za wazazi. Wazazi waweke sahihi kwamba wanaruhusu mtoto achomwe sindano. Iandikwe Kiswahili na Kiingereza. Nakala moja ikae na dawa, ya pili kwa kiongozi wa safari, ya tatu mfukoni mwa mtoto.

Tatu, barua ya daktari inayoeleza kwa nini mtoto anabeba sindano, ili maofisa wa forodha mpakani wasipate mashaka.

Nne, chanjo ya homa ya manjano, ambayo Uganda huidai kwa wageni wanaoingia. Chanjo hiyo hutengenezwa kwa kutumia mayai ya kuku. Mtoto mwenye mzio mkali wa mayai asipangwe tu kwenye mstari pamoja na darasa zima. Amwone daktari kwanza. Daktari akiona haifai, humwandikia hati ya msamaha wa kitabibu badala ya chanjo, na wazazi wamwulize pia kama ni busara mtoto kwenda katika eneo lenye ugonjwa huo bila kinga. Aliyekwisha kuchanjwa hana haja ya kurudia kila miaka 10, kwani tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hicho hutambuliwa kwa maisha yote.

Kama mtoto ana pumu pia, hakikisheni imetulia kabla ya safari na dawa yake ya kuvuta ipo. Mwenye pumu isiyotulia ndiye anayezidiwa vibaya zaidi na mzio.

MAZUNGUMZO NA SHULE

Tunajua wapo wazazi wanaoficha. Wanaogopa mtoto ataitwa mgonjwa, au jina lake litafutwa kwenye orodha. Hofu hiyo tunaielewa. Lakini mtoto aliyefichwa amesafiri peke yake hata kama basi limejaa watu, maana siku akizidiwa hakuna hata mmoja anayejua la kufanya.

Nendeni kwa mwalimu mkuu mapema, mkiwa na karatasi ya daktari na dawa mkononi. Mwalimu anayeletewa tatizo pamoja na njia ya kulikabili hapati sababu ya kumwacha mtoto. Mwombeni ataje watu wazima wawili watakaosafiri na ambao watajua kuchoma sindano. Wawili, kwa sababu mmoja anaweza kuwa ameenda kubadilisha fedha wakati tatizo linatokea. Ikiwa shule ina muuguzi, au parokia ina muuguzi anayeweza kuandamana nao, ni bora zaidi.

Walimu hao waende zahanati wafundishwe kuvunja chupa, kuvuta dawa na kuchoma. Wafanye mazoezi kwa maji na chungwa mpaka mkono uache kutetemeka. Huchukua alasiri moja tu.

Dawa iwe katika mkoba mdogo unaokwenda popote mtoto anapokwenda: mezani, chooni, kwenye mtumbwi, kwenye maonyesho. Isiwekwe kwenye buti la basi wala kwenye sanduku chumbani. Vifaa viwe vya dozi mbili angalau. Adrenalini huharibiwa na joto na mwanga, hivyo isiachwe kwenye dashibodi juani, na pia haifai kugandishwa kwenye barafu. Kila asubuhi anayeishika aitazame: ikiwa imebadilika rangi au tarehe imepita, haifai.

Kiongozi wa safari aandike pia hospitali zilizo njiani. Kwa njia ya Mutukula kwenda Kampala, kwa mfano, mjini Masaka kuna hospitali ya rufaa ya serikali na hospitali ya Kitovu. Mbele kidogo kuna hospitali ya Nkozi, na Kampala kuna Mulago, Nsambya na Lubaga. Wenyeji wa safari waulizwe mapema namba ya kuita gari la wagonjwa.

MEZANI NA NJIANI

Ugenini chakula hubadilika, na majina hubadilika pia. Hapa ndipo penye mtego mkubwa.

Nchini Uganda karanga ni kitoweo cha kila siku. Huitwa binyebwa kwa Kiganda, nazo husagwa zikapikwa rojo la kumwagia matoke, wali au viazi. Hupikwa na samaki mkavu, na huingia katika luwombo, chakula kinachopikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba. Kaskazini mwa nchi mboga huungwa kwa karanga au ufuta uliosagwa, ambao huko huitwa simsim. Kwa hiyo mtoto mwenye mzio wa karanga au ufuta asipewe rojo lolote asilolijua, hata likionekana kama la maharage.

Nchini Rwanda kuna isombe, yaani kisamvu, ambacho mara nyingi huungwa kwa karanga. Karanga zenyewe huitwa ubunyobwa.

Nchini Kenya neno lenyewe hugeuka. Karanga zetu huko wengi huziita njugu. Ukisoma "nyama karanga" kwenye ubao wa hoteli ya Nairobi, ni nyama iliyokaangwa na kutiwa mchuzi, haina karanga hata moja. Hapo mtoto anaweza kukimbia chakula kisicho na hatia, kisha akapokea pakiti ya njugu bila kushtuka. Mfundisheni majina yote mawili.

Hata hapa nyumbani tusisahau uji wa lishe. Unga wake mara nyingi huchanganywa karanga na soya, nao hauonekani kwa macho wala hauna harufu ya kutosha kumwonya mtu. Shule ikialikwa kifungua kinywa, swali la uji liulizwe.

Namna ya kuuliza nayo ina maana. Ukiuliza, "Hakuna karanga humu, sivyo?" mpishi anayetaka kumpendeza mgeni atajibu, "Hakuna." Uliza hivi: "Mama, mboga hii mmeiunga na nini? Mmekaangia mafuta gani? Mwiko huu umetoka sufuria gani?" Swali la namna hiyo humfanya afikiri. Aulizwe mpishi mwenyewe, siyo anayeleta sahani. Ikiwezekana shule mwenyeji ipigiwe simu siku moja kabla, na mtoto apakuliwe wa kwanza, kutoka sufuria ambayo bado haijaguswa na upawa mwingine.

Kukaanga au kuchemsha hakuondoi sumu ya karanga kwa mwenye mzio. Kuichambua na kuiweka kando ya sahani hakusaidii pia. Mafuta ya karanga yaliyokamuliwa kienyeji nayo yaepukwe.

Wauzaji wanaokuja dirishani mwa basi na kashata, karanga za kukaanga na vitumbua wasiwe kituo cha mtoto huyu. Apewe chakula cha akiba kutoka nyumbani: viazi vya kuchemsha, mikate ya mama, na matunda ambayo atayamenya mwenyewe, kama ndizi na machungwa. Kama hana mzio wa mayai, yai lililochemshwa ndani ya ganda lake ni chakula salama kila mahali.

Jirani yake kwenye kiti akila karanga, harufu peke yake si rahisi kumletea hatari. Hatari ni mikono. Wanaokula wanawe kwa maji na sabuni, au wajipanguse kwa vitambaa vyenye sabuni. Maji matupu hayatoshi, na dawa ya kutakasa mikono huua vijidudu lakini haiondoi mabaki ya karanga.

Kwa shule zinazokwenda mbali zaidi, nchi za Umoja wa Ulaya zinataka vyakula 14 vinavyoleta mzio vitajwe kwenye vyakula vinavyouzwa, tangu Desemba 2014. Marekani iliongeza ufuta katika orodha yake kuanzia tarehe 1 Januari 2023. Hiyo ni faida kwa anayesoma. Karatasi isomwe kila mara, hata kwa biskuti zilezile za jana, maana kiwanda huweza kubadilisha viungo. Kwenye ndege dawa ikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari.

IKITOKEA: HATUA SITA

1. Mchomeni adrenalini mara moja kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati ya nyonga na goti. Kama hakuna muda wa kumvua, sindano huweza kupita kwenye nguo. Msisubiri hali iwe mbaya zaidi.

2. Mlazeni chali, miguu ikiinuliwa juu ya mkoba. Akishindwa kupumua vizuri akiwa amelala, mketisheni huku miguu imenyooshwa mbele. Akitapika au akizirai, mlazeni ubavu. Asisimame wala asitembezwe hata akisema amepata nafuu, kwani kuinuka ghafla huweza kuusimamisha moyo.

3. Mwingine apige simu au asimamishe gari. Tazameni saa, na muandike wakati sindano ilipochomwa.

4. Baada ya dakika 5, kama hakuna nafuu, mchomeni dozi ya pili kwenye paja jingine.

5. Akipiga filimbi kifuani na ana dawa ya pumu ya kuvuta, apewe baada ya adrenalini, si kabla.

6. Mpelekeni hospitali hata kama amepona machoni penu. Hali huweza kurudi baada ya saa kadhaa, hivyo abaki chini ya uangalizi wa waganga.

YASIYOFAA

Mtoto akianguka ugenini baada ya kula, wengine watasema amewekewa sumu na kumnywesha maziwa. Maziwa hayasaidii, na mtoto aliyevimba koo huweza kupaliwa. Kumtapisha kwa vidole nako hakufai, wala mkaa.

Vidonge vya mwasho kama Piriton au setirizini hupunguza vipele, lakini havifungui koo wala havipandishi damu iliyoshuka. Kumpa kidonge na kukaa kusubiri ndiko kunakopoteza dakika za thamani. Vivyo hivyo kumpakia kwenye bodaboda akiwa ameketi wima kati ya watu wawili: itafutwe gari ambalo ataweza kulala.

Na wapo wanaoiogopa adrenalini yenyewe. Ni kweli, moyo utaenda mbio, mikono itatetemeka na uso utapauka kwa muda mfupi. Hayo hupita. Mtoto akichomwa kumbe hakuhitaji, atatetemeka kidogo. Akikosa kuchomwa wakati alihitaji, huenda asirudi. Kati ya makosa hayo mawili, mwalimu achague la kwanza bila woga, na mzazi amwambie hivyo waziwazi kabla ya safari, ili asije akazuiwa na hofu ya kulaumiwa.

NENO KWA WATOTO NA WAZAZI WENGINE

Mtoto mwenyewe afundishwe sentensi mbili: "Hapana, asante, kitaniumiza," na "Mwalimu, naanza kujisikia vibaya." Wenye miaka 13 na kuendelea waambiwe kwa upole zaidi, maana umri huo huona haya na hupenda kujificha chooni wanapougua. Mwenye dalili asiende chooni peke yake.

Wanafunzi wenzake waelezwe kwamba hili si jambo la mzaha. Kumwekea karanga kwenye chakula "tuone kama ni kweli" ni kumjaribu kwa uhai wake. Watoto wakielezwa vizuri huwa walinzi wazuri kuliko sisi, kwani wao ndio wanaokaa naye kiti kimoja na kuona midomo yake ikianza kuvimba.

Nasi wazazi ambao watoto wetu hawana shida hiyo, tukiombwa tusiwafungie watoto kashata kwa safari hiyo, tukubali. Ni kashata tu, na ni siku tatu tu.

Tunashauri mkate ukurasa huu kwenye zile hatua sita, mubandike ndani ya mkoba wa dawa. Mkoba huo ukirudi nyumbani haujafunguliwa, yamekuwa mema. Na ukifunguliwa, basi awepo mtu anayejua la kufanya.